Miwani Iliyolala Nje

Ukumbi wa kanisa ulinuka spiriti na chai ya maziwa. Magodoro yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, na juu ya kila godoro aliketi mzee mwenye bandeji nyeupe kwenye jicho moja, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Watu wa shirika la macho walikuwa wameshinda pale wakiwatoa wazee mtoto wa jicho. Kesho asubuhi wangefungua bandeji.

Cucu, nyanya yangu, alikuwa kwenye godoro la mwisho, karibu na dirisha. Jicho lake la pili lilikufa zamani, kwa hiyo jioni ile alikuwa gizani kabisa. Kila mgonjwa alikuwa amepewa miwani nyeusi ya kuvaa bandeji ikishatoka. Cucu aliipapasa yake, akaikunja, akaifunga katika leso na kuisukuma chini ya mto.

"Cucu," nikamtania, "hiyo miwani si inafaa ilale nje?"

Bibi wa godoro la jirani alicheka tu kwa sababu mimi nilicheka. Cucu hakucheka. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Bado unakumbuka hiyo maneno."

"Nitasahau aje, Cucu?"

Akalaza kichwa kwenye mto. Nilidhani amechoka, nikamfunika blanketi na kukaa kwenye kiti cha plastiki kando yake nikingoja apate usingizi. Harufu ile ya spiriti ilikuwa ileile ya siku niliyopimwa macho. Nimevaa miwani tangu darasa la tatu, na ile ya kwanza haikuruhusiwa kuvuka lango la nyumbani kwetu.

Nyumbani ni ng'ambo ya Mukurweini, mahali barabara inapoishia kwenye mashamba ya kahawa na kugeuka kuwa njia ya ng'ombe. Mvua ikinyesha, gari la maziwa lilikuwa likisimama juu mlimani na watu walipanda na mitungi mgongoni. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ukijaa hapakuwa na zahanati. Tuliishi wanawake watupu: Cucu, Mama, na mimi. Mama alikuwa amerudi kwa mama yake kabla sijazaliwa, na nilipozaliwa nikapewa jina la Cucu, kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo Mama aliniita maitu, yaani mama yangu. Akinikasirikia aliniambia, "Maitu, ulinizaa kweli, ama uliniokota? Mbona hutaki kunioshea vyombo?"

Sikujua kwamba sioni. Nilidhani dunia ndivyo ilivyo kwa kila mtu: vitu vya karibu vina kingo, vya mbali ni rangi tu. Watu niliwajua kwa mwendo na kwa sauti. Mama alikuwa kitambaa cha kijani juu ya umbo nene, na gambuti, viatu vikubwa vya mpira zilizompiga miguuni, pa, pa, pa, kwa sababu zilikuwa za marehemu Guka, babu yangu. Asubuhi nyingine watu walisimama njiani wakisema, "Leo mlima umetoka mawinguni." Nami nilisema umetoka, vile mtu anavyosema amina.

Shirika lililotusaidia lilikuwa la watu kutoka Nyeri mjini. Walikuwa wameshaleta madawati shuleni, na dawa za minyoo zenye ladha ya chokaa. Mvua kubwa ilipokwisha walikuja na sanduku la katoni na karatasi nyeupe waliyoibandika ukutani. Aliyetupima aliitwa Sista Nyawira, muuguzi mwembamba mwenye kucheka upesi. Aliniambia kuna herufi ukutani yenye miguu mitatu, nimwonyeshe kwa mkono miguu inaelekea wapi.

"Miguu ya nani?" nikamuuliza.

Darasa zima likacheka. Sista hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka mbele hatua kwa hatua, mpaka pua yangu ilipokaribia kugusa ukuta, na hapo ndipo nikaiona.

Katika katoni mlikuwa na miwani iliyokwisha kuvaliwa. Watu wa nchi za mbali walikuwa wameitoa, ikaoshwa na kutiwa mifukoni, kila moja kwenye mfuko wake. Sista alinijaribisha moja baada ya nyingine, mpaka akanivisha moja ya rangi ya asali, iliyonibana kidogo kwenye masikio. Nikatazama nje ya mlango. Mti wa mubariti uliokuwa uwanjani ulikuwa na majani. Nilijua mti una majani, nimeyafagia mara nyingi, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kusimama mbali na kuyaona yakiwa moja moja. Na nyuma yake, juu kuliko nilivyowahi kufikiria kutazama, mlima ulikuwa na meno.

"Hii ilikuwa ya nani?" nikauliza. Tabia ya kuuliza nilikuwa nayo tayari.

"Ya bibi fulani huko ng'ambo," Sista akasema. "Hana haja nayo tena."

Kariuki, aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari, hakusubiri. "Si amekufa! Eeh! Ati huyu anavaa macho ya maiti!"

Njiani kurudi niliivua nikaichunguza. Kwenye bawaba ya kulia ulikuwa umenasa unywele mmoja mweupe, mfupi, ulionyooka. Nilijaribu kuuvuta kwa kucha ukakatika, kipande kimoja kikabaki ndani.

Lakini furaha ilinishinda. Nilishuka mteremko nikikimbia na kupiga kelele kwamba naona majani, naona mawe, naona kuku wa watu. Cucu alikuwa langoni akikata nepia, majani ya ng'ombe. Alinitazama usoni, akaweka panga chini, akaingia jikoni alikokuwa Mama. Nilisikia sauti zao, ya Mama ikiwa chini sana. Cucu aliporudi alikuwa na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nyundo na msumari.

"Hiyo kitu ni ya mtu amekufa," akasema. "Haiwezi kulala kwa nyumba. Utatuletea thahu."

Thahu ni mkosi unaoambukiza, unaoshika mtu aliyegusa kitu cha wafu na kuwashika wote anaokula nao. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa wazee wengine. Kwa Cucu, ambaye Jumapili alivaa kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama na kukemea waganga, sikuwahi kulisikia. Alipigilia mkebe kwenye nguzo ya lango. Akasema asubuhi nitaichukua miwani nikienda shule, jioni nitaiacha pale kabla sijaingia.

Alipokuwa akipigilia alikuwa amevaa koti lake la mtumba, koti la kiume lenye vifungo vya shaba alilonunua Karatina. Usiku alijifunika nalo juu ya blanketi.

"Na koti yako, Cucu? Mwenyewe ako wapi?"

Cucu alipiga msumari mara moja zaidi. "Koti haina macho," akasema.

Jibu lile lilinitosha. Nilipokuwa mkubwa lilinirudia mara nyingi, na kila mara nilihisi kwamba kuna swali lingine baada yake ambalo sikuliuliza.

Kisha ukaja msimu wa baridi, ukungu ukilala bondeni mpaka saa za chai. Kila jioni niliweka miwani kwenye mkebe na kuingia nyumbani kwenye ile dunia yangu ya rangi. Na kila jioni nilijua kwamba yule bibi anakuja. Nilimwona akilini akisimama kwenye nguzo, mrefu, mweupe, akipapasa kwa vidole mpaka apate mkebe. Mchana macho yalikuwa yangu, usiku yake. Asubuhi nilikuta vioo vimelowa, nami nilijua analia. Niliyafuta machozi yake kwa sketi ya shule, nikavaa, nikaenda kusoma.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo mapya, nami niliyaangalia kwa macho niliyokuwa nayo. Mama alianza kunenepa. Aliongeza sweta juu ya sweta, na umbo lake kwenye moshi wa jikoni, ng'ambo ya moto, likawa pana. Aliacha kula ugali, akawa anakunywa uji mwepesi, kidogo kidogo. Alinihamisha kutoka kitandani kwake akisema nina mateke ya punda. Nywele alinisuka akiwa nyuma yangu, magoti yake yakinibana mbavu. Magoti yalikuwa makali, lakini nilidhani ni kwa sababu nimekua. Pete yake aliifunga kwa uzi mwekundu uliozungushwa mara nyingi kwenye kidole. Niliona uzi ule aliponipa kikombe, nikaona unapendeza.

Nilipanga mambo hayo yote na nikafikia jibu. Mama wa Kariuki alikuwa amenenepa hivyo, akanywa uji hivyo, kisha akaja mtoto.

"Mama," nikamuuliza jioni moja, "mtoto atakuja lini?"

Koroboi ilikuwa ikifuka kati yetu. Cucu aliacha kuchambua maharagwe.

"Mtoto gani, maitu?"

"Huyu wa kwa tumbo."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Cucu akasimama kumshika mgongo. Alipopata pumzi alisema, kwa sauti yake ya siku hizo iliyokuwa kama karatasi, "Atakuja mahindi yakikomaa."

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi, linangoja. Nilijua kwamba akiwa mvulana ataitwa Mwangi, jina la Guka. Kwa hiyo nilianza kumzoea. Nikiosha vyombo nilimwambia Mwangi asimsumbue Mama.

Watu wa shirika walirudi mahindi yakiwa bado mabichi. Walipiga mahema katika uwanja wa shule, moja la kupima watoto wachanga, moja la vifua na presha, na wakaagiza kila mtoto aliyepewa miwani aje na mzazi. Ilikuwa Cucu aende nami. Lakini asubuhi ile ng'ombe wetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na ndama akakaa vibaya, na Cucu ndiye pekee aliyejua kuingiza mkono. Nilitangulia shuleni. Cucu alisema atafuata.

Nilikuwa kwenye mstari, miwani usoni, nikitazama njia inayoshuka kutoka kwenye kahawa. Akatokea mwanamke mmoja mzee. Alitembea akipumzika, akishika matawi. Kichwa chake kilikuwa kidogo mno, kikichomoza katika nguo nyingi kama kichwa cha kobe. Nilimhurumia. Nilijiuliza ni nyanya ya nani. Kisha alifika kwenye nyasi za uwanja, nikasikia gambuti. Pa, pa, pa.

Nikavua miwani. Mama alikuwa anakuja, kitambaa chake cha kijani, umbo lake nene.

Nikavaa. Yule mwingine. Mifupa ya mashavu, shingo yenye kamba, macho makubwa yaliyorudi ndani.

Nikavua. Mama. Nikavaa. Mwingine, na sasa amenikaribia.

Ndipo nilipoelewa, kwa akili ya mtoto. Yule bibi wa lango alikuwa amechoka kungoja usiku. Amekuja mchana kufuata macho yake, na amevaa nguo za Mama ili apite. Nilitoka mbio kwenye mstari, nikamsukumia Sista Nyawira miwani mikononi.

"Mrudishie! Mpe yake! Mwambie arudishe Mama!"

Sista aliangalia miwani, akaniangalia mimi, kisha akainua macho akamwona aliyesimama nyuma yangu. Uso wake ulibadilika. Bila miwani niliona weupe wa meno yake ukifungwa.

"Ameniona," Mama akasema. Hakuwa akisema na mimi. Alisema polepole, kama mtu anayetaja kitu kilichoanguka kikavunjika.

Sista alimshika mkono akampeleka kwenye hema la vifua. Nilibaki nje, sikio kwenye turubai.

"Kumeza kumekushinda tangu lini?"

"Tangu kupalilia."

"Na umenyamaza, mama? Si zahanati ni hapo ng'ambo tu?"

"Sikunyamaza. Nilipelekwa mpaka mjini. Waliniangalia na mpira kwa koo." Akakohoa. "Walisema ukweli, Sista. Nilirudi nyumbani nikakae na watu wangu."

Sista hakuuliza tena. Baadaye alitoka, akachuchumaa mbele yangu na kunitia miwani mfukoni. "Hii haijafanya kitu," akasema. "Unasikia? Haijafanya kitu." Nilitikisa kichwa kukubali, lakini sikuamini.

Tangu hapo alikuja kwetu kila wiki kwa boda boda, mkoba wake ukiwa na chupa ndogo ya dawa ya maumivu. Akiwa amekaa na Mama hakuharakisha. Mara nyingine aliniletea daftari na penseli kutoka shirikani na kunisikiliza nikisoma, miguu yake ikiwa na tope mpaka magotini. Nimeona misaada mingi tangu wakati huo, na maturubai mengi yenye majina makubwa. Nikisikia neno msaada, ninachokiona ni viatu vya Sista vikikaushwa kando ya moto wetu.

Mama hakuvaa tena sweta nyingi. Alinirudisha kitandani kwake, mateke yangu yakasahauliwa. Jioni nilipoingia aliuliza jambo moja kwanza.

"Uko nayo?"

"Iko nje."

"Iache huko. Kuja, maitu."

Nililala kichwa kwenye mkono wake. Kutoka karibu hivyo ningeweza kuona hata bila miwani. Nilifumba macho. Hakuna aliyeniambia nifumbe.

Alikufa nikiwa shuleni, nikisoma ubaoni kutoka dawati la nyuma ambako sasa niliruhusiwa kukaa. Kariuki alitumwa na mama yake kuniita. Alisimama mlangoni mwa darasa, kisha akachukua mkoba wangu na kuubeba njia yote.

Boma lilikuwa limejaa watu. Nilisimama langoni nikiwa nimevaa miwani, nikitazama migongo, nikingoja mikono yangu ifanye kama ilivyozoea. Cucu alikuja akiwa amevaa lile koti. Aliung'oa mkebe kwenye nguzo, akautupa kwenye migomba.

"Ingia nayo," akasema.

Nilidhani ni kwa sababu thahu ilikuwa imeshaingia, na hapakuwa na cha kuzuia tena.

Kazi yangu siku hizi ni kuuliza watu maswali na kuyatangaza majibu redioni. Nimeketi kando ya vitanda vingi. Kabla ya kuingia chumba cha mgonjwa, huvua miwani. Wenzangu wanadhani ni adabu fulani ya kwetu. Nami huwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba mpaka leo, mlangoni, huwa nasikia gambuti.

"Hukulala," Cucu akasema ghafla kutoka kwenye mto.

"Na wewe hukulala."

Mhudumu alikuwa akikusanya vikombe. Cucu alingoja mpaka akapita.

"Haikuwa thahu," akasema. "Mimi naogopa thahu? Koti ya mtu amekufa nimeivaa mpaka imenimalizikia mwilini."

Niliiweka mikono yangu magotini.

"Ulikuja ukipiga kelele kwa njia, ati unaona majani. Mama yako akakusikia akiwa jikoni. Akanishika nguo. Akaniambia, Mami, usiache aingie na hiyo kitu. Watu wote wakiniangalia wananizika. Huyu peke yake ananiona nikiwa mzima. Niachie huyu mmoja."

"Cucu."

"Nikamwambia, nitamwambia nini huyu mtoto wa maswali? Akasema, mwambie ni ya maiti. Atakubali." Cucu alipangusa shavu chini ya bandeji. "Nikabeba hiyo uongo."

"Ulinifanya niogope bibi wa watu ambaye hata simjui. Kila siku nilimwona pale langoni."

"Afadhali umwogope yeye kuliko mama yako," Cucu akasema.

Asubuhi walianza kufungua bandeji kutoka mlangoni. Tulisikia kelele zikija upande wetu, godoro kwa godoro. Mzee mmoja aliomba kioo, akajitazama, akauliza ni nani huyu, watu wakaangua kicheko. Bibi wa jirani alishika uso wa mwanawe kwa mikono miwili na kukataa kuuachia. Ilipofika zamu ya Cucu nilisimama. Muuguzi alifungua bandeji taratibu, akamdondoshea dawa, akamwambia afungue jicho asiogope.

Cucu alilifungua. Alitazama dirisha kwanza, kisha mikono yake, akaigeuza. Kisha akanitafuta. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimerudi nyuma mpaka ukutani, na nimefunga vifungo vya koti langu mpaka shingoni, kama Mama alivyojificha kwenye sweta zake.

"Kumbe umezeeka hivi," Cucu akasema, na ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka. Yeye aliendelea kunitazama.

"Na miwani umetoa ya nini?"

Nilitazama chini. Ilikuwa mkononi mwangu.

"Vaa," akasema. "Mimi sijakataza."

Nikavaa, nikasogea, nikapiga magoti kando ya godoro. Jicho lake lilikuwa limelowa dawa, jekundu pembeni, kubwa, limerudi ndani kidogo chini ya mfupa. Lilikuwa jicho la mwanawe, Mama. Nilikuwa nimeliona vizuri mara moja tu maishani, uwanjani, nikalikimbia. Sasa lilikuwa limetulia juu yangu, nami sikulikimbia.